Mutoto amekunywa petroli ya taa mu chupa ya sukre (kinywaji tamu), hizi vitu munabekaka wapi?

Mama_wa_Majengo
Bamama na bababa wa Goma munisaidie. Juzi magaribi umeme ikakatika, nikawasha taa ya petroli, chupa nikaiacha chini karibu ya kitanda, ni chupa ya sukre ya plastiki, nageuka tu kupakula fufu nasikia mutoto anakohoa, ako na mwaka moja na nusu, mudomo yote inanuka petroli. Mamukwe akakuja na mafuta ya mawese, jirani anasema maziwa, mwengine eti muingizie kidole atapike. Mie nilipanda pikipiki mpaka ku hospitali bila kumupa kitu, leo ako muzima Mungu asifiwe. Lakini tuko batu sita mu chumba kimoja cha mbao, kabati hatuna. Nifiche wapi?

Anfirmie_Katindo
Pole sana dada, na ulifanya vizuri. Petroli inaharibu zaidi mapafu kuliko tumbo. Ukimutapisha inapanda tena ku koo na inaingia mu mapafu, njo vile mutoto anapata nimonia. Mawese na maziwa haviue ile sumu, vinamuletea kutapika tu. Muvue nguo zenye zililowana, umuoshe ngozi na maji na sabuni, umulete na chupa yenyewe tuione. Hata kama anacheza tunamuchunga masaa 6 hivi, juu kupumua kunaweza kuharibika kisha. Ukiona anapumua mbiombio, mbavu zinaingia ndani, ao analala ovyo, usingojee asubui. Na vile vidonge vya feri (vya kuongeza damu) vya mama mwenye mimba, vinafanana na bombo (pipi), tafazali muvibeke juu, vinaweza kuua mutoto mudogo.

Kadutu_sabuni
Niko Bukavu, natengenezaka sabuni ku nyumba. Soda kostike, ile kali ya kutengeneza sabuni, mutoto anaiona ni chumvi. Wa jirani alilamba, koo ikaungua, mpaka leo hata uji inapita kwa shida, ile kilio sitaisahau. Tangu siku ile soda yangu haikanyage mu nyumba. Petroli nayo, ku soko banakujazia mu chupa yoyote unaleta, basi leta kabido (kajerikani) kako kenye haiko ya kunywa. Mutoto anajua chupa ya sukre ni ya kunywa, haiko kosa yake. Piga musumari murefu juu ya mulango, fasi wewe mwenyewe unanyoosha mukono, utundike mu kitunga.

Baba_Himbi
Kuna na dawa ya panya. Tulikuwa tunachanganya na samaki ya sambaza tunabeka chini ya kitanda, kumbe mwenye kutambaa njo anafika pale wa kwanza. Nilitupa yote, nikanunua mutego.

Mama_wa_Majengo
Aksanti bote. Bwana amepiga musumari asubui, kabido na javeli ya kufulia viko juu. Mamukwe nilimusomea ile ya mawese, akanyamaza, kisha akaniuliza: na dawa zangu za tansio (presha) zenye ziko chini ya muto? Tukatafuta musumari ya pili.