Mrejesho: Mafaili ya diski ya zamani yamepatikana
Niliuliza jinsi ya kuyapata mafaili yaliyobaki kwenye diski kuu ya kompyuta yangu iliyokufa, kwa kuwa kompyuta mpya haikuitambua kabisa nilipoiunganisha kwa kebo ya USB. Nawashukuru kwa dhati wote mlionijibu.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa umeme: diski hiyo ni ya inchi 3.5, nayo huhitaji volti 12, ilhali tundu la kawaida la USB hutoa volti 5 tu. Nilipotumia adapta ya SATA (kifaa cha kuunganisha diski ya ndani ya kompyuta kwenye USB) yenye chaja yake, diski ilianza kuzunguka na kuonekana mara moja.

Ndipo Windows ikakataa kunifungulia folda ya mtumiaji wa zamani, jambo lililonitia hofu kubwa, kumbe ruhusa zake zilikuwa bado zimefungamanishwa na akaunti ya kompyuta ya awali. Nilipoingia kama msimamizi na kuimilikisha folda hiyo kwa akaunti yangu mpya, picha zote za marehemu mama yangu zilifunguka. Ombi la kufomati, yaani kuiandaa upya na kufuta vilivyomo, lililojitokeza kwa sehemu moja ya diski nililikataa, kama mlivyonionya.

Nimeshanakili kila kitu mahali pawili, isipokuwa video mbili ambazo bado hazinakiliki.