MJADALA: Fundi azime ruhusa zote za programu kabla mteja hajachukua kompyuta?

Mleta mada, Mbeya mjini

Wadau, hili linamgusa kila anayenunua kompyuta mpakato ya mtumba Mwanjelwa, Kabwe, Iringa mjini au Njombe. Nyingi ya kompyuta hizi zinapigwa window (kuwekewa Windows upya) na fundi, mwenye mali akiwa hayupo. Kazi ikikaribia kuisha, Windows inaleta maswali ya faragha: programu zijue mahali ulipo? Kompyuta itafutwe ikipotea? Taarifa za utendaji zitumwe Microsoft? Matangazo yafuate mambo unayoyapenda? Fundi anabonyeza "Accept" na kusonga mbele. Mteja akija anakuta ameshajibiwa.

Msimamo wangu ni kwamba fundi azime vyote: kamera, maiki, mahali, majina ya simu, kalenda. Mwenye kompyuta akihitaji kitu, atakiwasha. Swichi inawashwa kwa sekunde, lakini sauti iliyokwisha kurekodiwa na kutumwa hairudi. Pingeni au ungeni mkono, ila leteni hatua ambazo mtu anaweza kukaa na kuzijaribu.

Fundi, Mwanjelwa

Mkuu, napinga, na sipingi kwa uvivu. Kwenye Windows 11 ukienda Settings, "Privacy & security", kisha "Microphone", swichi ya juu kabisa ni "Microphone access". Hiyo ukiizima umezima kwa akaunti zote na programu zote. Mteja anaingia kwenye usaili wa mtandaoni, sura inaonekana, sauti haitoki. Hawezi kufikiria ruhusa. Atasema maiki imekufa, atapakua draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya ajabu mtandaoni, na hapo ndipo matatizo ya kweli yanapoanza.

Kamera nayo ina mambo mengi yanayofanana kwa macho. Baadhi ya ThinkPad zina kifuniko kidogo cha kuteleza juu ya lenzi, na kompyuta nyingine zina kitufe cha kamera kwenye safu ya F. Programu ya Camera ikileta namba 0xA00F4244, Windows haijaiona kamera yenyewe, kwa hiyo anza na Device Manager, orodha ya vifaa ndani ya Windows. Ikileta 0xA00F4243, kamera imeshikwa na programu nyingine. Funga Zoom au Teams ujaribu tena. Ukimwongezea mteja na swichi ya faragha iliyozimwa bila yeye kujua, umempa chanzo kingine cha kuhangaika nacho.

Halafu mahali. Ukizima "Location", ile "Set time zone automatically" haifanyi kazi. Windows mpya mara nyingi inaanza na saa za Pacific za Marekani, kwa hiyo saa inakuwa nyuma kwa saa 10 au 11. Mteja anaisogeza kwa mkono bila kubadili zone (ukanda wa saa), na sasa kompyuta inaamini kwamba muda wa dunia umetangulia. Anayezima mahali lazima aende "Time & language", "Date & time", achague "(UTC+03:00) Nairobi". Msitafute Dar es Salaam, haimo kwenye orodha.

Mwalimu wa TEHAMA, Iringa

Kamwene wote. Fundi ameeleza usumbufu vizuri, lakini naona mada yenyewe imeshika mahali pasipo na uzito. Mnaziongelea ruhusa za Windows kana kwamba zinazuia kila programu kwa namna moja. Hazizuii hivyo.

Programu iliyotoka Microsoft Store ina swichi yake kwa jina lake. Unaweza kuipa maiki ukainyima kamera. Programu mliyoiweka kwa faili la kusetapu, yaani Chrome, Firefox, Zoom, VLC na karibu kila kitu kinachotembea kwenye flashi za mafundi, haina swichi ya peke yake. Zote zinakaa chini ya swichi moja, "Let desktop apps access your camera". Ukiizima, umezima Zoom unayoitaka pamoja na ile usiyoijua. Ukiiwasha, umeziwasha zote. Microsoft wenyewe wanaeleza kwamba baadhi ya programu za namna hii zinaweza zisionekane kwenye orodha na zisiguswe na swichi hizo.

Kwa upande wa mafaili hali ni mbaya zaidi. Swichi za "Documents", "Pictures" na "Downloads folder" zinazihusu programu za Store. Programu ya kawaida ikishafunguliwa inasoma kila faili ambalo akaunti yako inaweza kulisoma, haiombi. Picha ya skrini vilevile. Kwa hiyo mkuu, unayoyapendekeza ni kufunga dirisha huku mlango wa uani uko wazi.

Kinachosaidia zaidi ni kuangalia nani ametumia. Windows 11 ina "Recent activity" chini ya Camera na Microphone, inaonyesha siku 7 zilizopita. Anayetaka kuingia ndani zaidi afungue regedit (kihariri cha mipangilio ya ndani ya Windows), aende HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\CapabilityAccessManager\ConsentStore, kisha webcam au microphone, kisha NonPackaged. Kila programu ina folda yake pale. Ukikuta LastUsedTimeStop ni 0, programu hiyo bado imeshikilia kifaa. Wenye Mac wana nafuu hapa: tangu Mojave ya 2018 kila programu inaomba kamera na maiki kwa jina lake.

Steshenari, Uyole

Mwalimu, shikamoo. Nikuongezee lililo zito kwetu tunaohudumia watu. Chrome ni programu moja kwa Windows, lakini ndani yake kuna tovuti elfu. Ukiipa Chrome kamera, swali la tovuti ipi iione linahamia ndani ya Chrome, na huko fundi hafiki.

Kinachotuumiza zaidi ni notifikesheni. Mtu anatafuta mpira au filamu, ukurasa unamwambia abonyeze "Allow" ili aendelee. Tangu hapo kona ya skrini inajaa "kompyuta yako ina virusi". Anapeleka kwa fundi, anaambiwa ipigwe window upya, analipa. Dawa haihitaji fundi: andika chrome://settings/content/notifications, futa tovuti zote zilizo chini ya "Allowed", kisha chagua "Don't allow sites to send notifications".

Viongezi, yaani programu ndogo zinazowekwa ndani ya Chrome, navyo viangaliwe. Fungua chrome://extensions, bonyeza "Details". Kiongezi kilichoruhusiwa kusoma na kubadili data kwenye tovuti zote kinaona unachokiona, barua pepe na benki vikiwemo. Kama unakihitaji kwa kazi moja tu, kiwekee "On click".

Lakini kwa kompyuta ya steshenari hatari kubwa haiko kwenye kamera. Msimu wa maombi ya mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu), folda ya Downloads inajaa vyeti vya kuzaliwa, namba za NIDA, matokeo ya kidato cha nne, picha za pasipoti. Anayefuata kwenye kiti anavifungua vyote. Watu wanatumia "Guest" ya Chrome wakidhani wamemaliza. Guest inafuta historia na inakutoa kwenye akaunti, ila faili lililopakuliwa linabaki. Lazima lifutwe kwa Shift na Delete, na folda ya skana nayo ikaguliwe, maana wengi wanaisahau.

Msimamizi wa maabara ya kompyuta, Tukuyu

Dada wa Uyole amegusa penyewe. Kwa kompyuta za watu wengi mimi niko na mleta mada: zifungwe, tena zifungwe mahali ambapo mtumiaji hafikii. Kwa kompyuta ya mtu binafsi nasimama na fundi.

Namna ya kufunga Chrome: regedit kama admini (akaunti yenye mamlaka juu ya kompyuta nzima), HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome. Kama folda haipo, itengeneze. Weka DWORD (thamani za namba) hizi: DefaultNotificationsSetting iwe 2, DefaultGeolocationSetting iwe 2, VideoCaptureAllowed iwe 0, AudioCaptureAllowed iwe 0. Funga Chrome yote, fungua tena, hakiki kwa chrome://policy. Mbili za mwanzo zinafanya kazi kwa majina hayohayo kwenye Edge, kivinjari cha Microsoft, chini ya Policies\Microsoft\Edge. Msimwage namba hizi kwenye kompyuta ya mteja binafsi: Chrome itamwandikia kwamba inasimamiwa na taasisi, naye hataweza kuwasha kamera kwenye mipangilio hata akitaka.

Jambo moja linalowachanganya mafundi: ile swichi ya juu, "Camera access" au "Microphone access", ni ya kompyuta nzima na inahitaji admini. Zilizo chini yake ni za akaunti moja moja. Ukipanga vizuri ndani ya akaunti uliyoipa jina "User", mteja akafungua ya kwake nyumbani, akaunti mpya haifuati mpangilio wako.

Wakili, Iringa

Naomba tutazame nani ana haki ya kujibu yale maswali. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda maisha binafsi ya mtu na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Kiini cha sheria hiyo ni kwamba taarifa zikusanywe kwa kusudi linalojulikana, zisizidi kusudi hilo, na zisikae kuliko inavyohitajika. Ridhaa inatolewa na mwenye taarifa. Kwa maoni yangu fundi anayebonyeza "Accept" na fundi anayezima kila kitu wamekosea kosa lilelile: wote wamejibu swali lisilo lao.

Na dada wa steshenari, vile vyeti kwenye Downloads ni taarifa binafsi za watu. Sheria inawataka wakusanyaji na wachakataji wajisajili kwenye Tume. Steshenari zinazotunza nakala za wateja zisione hili ni la benki na mitandao ya simu peke yake.

Mleta mada, Mbeya mjini

Wakili, nimekuelewa kuhusu nani ajibu. Lakini mwalimu amenipa hoja nyingine bila kukusudia. Kama programu ya kawaida inafikia kila kitu, basi tuwaulize mafundi wanaacha programu gani ndani. Kompyuta ngapi zinatoka zikiwa na AnyDesk (programu ya kuendesha kompyuta kwa mbali) yenye paswedi ya kuingilia bila mteja kuwepo? Ngapi zimekrakiwa (programu za kulipia kutumiwa bila leseni), Defender, kinga ya virusi ya Windows, ikazimwa ili kikrakio kipite, kisha ikaachwa na folda isiyokaguliwa?

Kila aliyenunua akague leo. Fungua Windows Security, "Virus & threat protection", "Manage settings", shuka hadi "Exclusions". Ukikuta folda nzima ya C: au Downloads imeorodheshwa, iondoe. Kisha Settings, "Apps", "Installed apps", tafuta AnyDesk, TeamViewer na jamaa zake. Kwenye AnyDesk angalia mipangilio ya usalama, sehemu ya "Unattended access".

Fundi, Mwanjelwa

Hilo la Exclusions sitalitetea. Anayeliacha anamuumiza mteja.

La AnyDesk lina sababu yake, kaka. Mteja yuko Chunya, Makete au Ludewa. Printa imegoma. Nauli ya kuja Mbeya na kurudi ni kubwa kuliko kazi yenyewe. Kuingia kwa mbali kunamwokoa.

Mwalimu wa TEHAMA, Iringa

Fundi, huo msaada hauhitaji paswedi ya kudumu. AnyDesk ikifunguliwa na mteja, anakusomea namba kwa simu, unaomba, anabonyeza kukubali, akifunga umetoka. Au tumia Quick Assist, mara nyingi imo tayari ndani ya Windows: Ctrl, kitufe cha Windows na Q. Wewe unaingia kwa akaunti ya Microsoft, unampa namba, yeye anaiandika na kukubali, na ukitaka kushika kipanya anaulizwa tena.

Fungua pia akaunti mbili. Ya admini mpe mteja paswedi yake kwenye karatasi, ya kila siku iwe "Standard". Programu inayotaka kujiweka kwenye mfumo mzima itamdai paswedi hiyo, na kule kusita kidogo kunamsaidia. Sisemi inazuia yote. Mafaili yake mwenyewe bado yanasomeka. "Controlled folder access" nayo isieleweke vibaya: inazuia programu isiyoaminika kubadilisha mafaili kwenye folda zilizolindwa, haizuii kuyasoma.

Fundi, Mwanjelwa

Namba ya kusomewa kwa simu nakubali, na paswedi ya kudumu naiondoa. Ukurasa wa faragha nitausimamisha pale unapotokea, mteja ajibu mwenyewe akija kuchukua. Ni dakika chache. Kuzima maiki na kamera kimya kimya naendelea kukataa.

Steshenari, Uyole

Na wale wa Windows 10? Ndizo nyingi huku kwetu.

Msimamizi wa maabara ya kompyuta, Tukuyu

Kwenye Windows 10 ni Settings, kisha "Privacy", halafu "App permissions" mkono wa kushoto. Swichi zile za programu za kawaida zipo huko pia. Ila apdeti za bure za kawaida zilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kama kompyuta haijaandikishwa kwenye mpango wa nyongeza wa apdeti za usalama, kwanza ishughulikiwe hiyo; ruhusa zitafuata.

Mleta mada, Mbeya mjini

Basi maiki na kamera naziachia kwa mteja mwenyewe. Mahali bado nasisitiza pawe pamezimwa mpaka mteja aseme neno. Kompyuta nyingi hizi hazina GPS, zinakisia kwa Wi-Fi za jirani na anwani ya mtandao, na hotspoti ya simu inazipoteza kabisa. Anayeitegemea kutafuta kompyuta iliyoibwa aelezwe hivyo, na aelezwe pia kwamba "Find my device" haifanyi kazi bila akaunti ya Microsoft yenye haki za admini. Fundi, hapo unasemaje?

Fundi, Mwanjelwa

Hapo sina ubishi, mradi zone ya Nairobi iwe imeshawekwa kwa mkono.