Nyumba ya kuba inauzwa mara moja na nusu ya bei za jirani: nitajuaje kama inastahili?

PembeTatu:

Wakuu, habari zenu. Napenda kupitia matangazo ya nyumba za ajabu, na kuna moja imeniganda kichwani. Ni kuba ya mbao ya pembetatu pembetatu, nusu duara kamili, kipenyo mita 10, sakafu mbili, imetangazwa kuwa na mita za mraba 137. Bei yake ni mara moja na nusu ya nyumba za kawaida za ukubwa huo zilizo jirani nayo. Tangazo linasema ipo sokoni siku 41. Picha ziko 34: za sebuleni zinaonyesha dirishani miti iliyopukutika, za uwani miti imejaa majani. Vyoo vimeandikwa viwili, nimeona kimoja tu.

Naomba kujua: tangazo la namna hii linasomwaje? Nyumba isiyo na mwenzake inapimwaje bei? Na kuba yenyewe huwa inasumbua wapi?

JichoKali:

Mkuu, anza na hizo siku 41. Dalali akiondoa tangazo na kulirudisha kama jipya, kwenye tovuti nyingi hesabu huanza sifuri. Ushahidi umeshautaja mwenyewe: miti mikavu na miti yenye majani maana yake picha zilipigwa misimu miwili. Chukua picha ya mbele ya nyumba uitafute kwa picha yenyewe, si kwa maneno. Ukipata ukurasa wa zamani, bandika anwani yake kwenye Wayback Machine (hifadhi ya kurasa za zamani za mtandao) uone kama bei ya kwanza ilihifadhiwa. Nyumba iliyoshushwa bei mara nne, kidogo kidogo, ina muuzaji ambaye bado hajakubali kilichotokea. Punguzo la namna hiyo halileti watu wapya, kwa sababu wanunuzi huchuja matangazo kwa namba za mkupuo kama 500: nyumba ya milioni 510 ikishuka hadi 505, aliyeweka kikomo cha 500 bado haioni.

Ukubwa upime mwenyewe kwenye picha. Kwanza angalia lenzi: taa ya mviringo iliyo pembeni mwa picha ikionekana imevutika kama yai, lenzi ni pana mno na chumba ni kidogo kuliko kinavyoonekana. Kisha tafuta kitu chenye kipimo kinachojulikana. Mashine ya kufulia ya mlango wa mbele huwa na upana wa sentimita 60 hivi. Ikikalia taili mbili kamili, kila taili ni sentimita 30. Sasa hesabu taili kutoka ukuta hadi ukuta, kwa kufuata mstari mmoja usiokatika. Sahau za pembeni kabisa kama huzioni vizuri. Kosa la taili moja ni sentimita 30 tu.

Halafu andika orodha ya vyumba vilivyotajwa, uweke picha mbele ya kila kimoja. Choo kisicho na picha, kati ya picha 34, kinaelekea kuwa ndicho kibovu zaidi, au kimebanwa mahali ambapo mtu hasimami wima. Angalia pia ni ukuta gani haujapigwa picha hata mara moja. Na dari: sehemu moja ikiwa nyeupe kuliko nyingine, hapo palipakwa rangi juzi, na mara nyingi rangi hiyo inafunika doa la maji.

Mthamini_wa_Nyumba:

Nijibu swali la bei, kwa sababu ndilo linalowaumiza watu.

Uthamini una njia tatu: kulinganisha na mauzo, kukokotoa gharama ya kujenga upya ukitoa uchakavu, na kuangalia kodi ambayo nyumba ingeingiza. Kwa nyumba ya kuishi, njia ya kwanza ndiyo yenye nguvu. Nyumba ya ajabu haina za kulinganishwa nayo, basi muuzaji hukimbilia ya pili: "nimetumia kiasi hiki, kwa hiyo ina thamani hiyo." Hapo ndipo bei inapopaa. Gharama haigeuki thamani kwa sababu tu ilitumika. Aliyejenga alilipia ladha yake. Mnunuzi analipia ile sehemu tu atakayoitumia, na wakati mwingine anakata bei kwa sababu atalazimika kubomoa.

Mifano iko wazi. Nyumba ya Michael Jordan karibu na Chicago, yenye namba 23 kwenye geti na uwanja mzima wa kikapu ndani, iliingia sokoni mwaka 2012 kwa dola milioni 29. Iliuzwa Desemba 2024 kwa milioni 9.5. Miaka 12 kodi za ardhi na matunzo vinalipwa. Los Angeles, jumba la 924 Bel Air Road lilitangazwa mwaka 2017 kwa milioni 250, bei iliyojumuisha hadi magari ya kifahari. Mwaka 2019 likauzwa kwa milioni 94. Ukiona tangazo limejaza magari, michoro na fanicha, vitoe kwanza, maana vinazeeka kwa kasi yake vyenyewe na havihusiani na ardhi wala ukuta.

Sasa mkopo. Tuseme bei ni 100, na mthamini wa benki amefikia 70. Benki inayokopesha asilimia 80 hutazama namba ndogo kati ya hizo mbili, kwa hiyo inatoa 56. Mnunuzi aliyejiandaa na 20 mkononi sasa anatakiwa alete 44. Benki nyingine hazigusi kabisa jengo lisilo la kawaida, na bima nazo vivyo hivyo. Wanaobaki ni wenye fedha taslimu, ni wachache, na wanajua kwamba ni wachache. Hii ndiyo sababu kubwa ya nyumba hizi kukaa sokoni, kuliko hata sura yake.

Kwa hiyo, mkuu, fanya hivi: tafuta bei ya kiwanja kitupu cha ukubwa ule eneo lile. Ongeza gharama ya kujenga nyumba ya kawaida yenye eneo lile *linalotumika*, si lililotangazwa. Toa matengenezo yanayoonekana. Namba hiyo ndiyo kikomo chako cha juu cha kuanzia. Upekee uongezee kitu pale tu ulipopata angalau nyumba moja ya aina hiyo iliyouzwa kweli. Bei iliyotangazwa ni ombi tu.

FundiPaa:

Mthamini amesema "eneo linalotumika", basi tulikokotoe kwa kuba hii hii.

Nusu duara ya kipenyo mita 10 ina sakafu ya chini ya mita za mraba 78.5. Sakafu ya juu ikiwekwa kwenye kimo cha mita 2.5, ukuta umeshainama ndani, inabaki kama 59. Jumla 137, ndiyo hiyo ya tangazo. Lakini mtu anahitaji angalau mita 1.9 kusimama. Juu, sehemu yenye kimo hicho ni duara la nusu kipenyo mita 2.4 hivi, yaani mita za mraba 18 tu. Chini unapata kama 67. Nyumba ya 137 imekuwa ya 85. Zilizobaki ni za kuwekea masanduku, na kabati la mstatili halikai kwenye ukuta uliojikunja.

Uvujaji ndio ugonjwa wake mkuu. Mbunifu wa Kimarekani Buckminster Fuller alipata hataza (haki ya uvumbuzi) ya kuba ya namna hii Marekani mwaka 1954, na aliyosema kuhusu kufunika nafasi kubwa kwa vifaa vichache ni kweli. Tatizo ni maungio. Muundo unaotumika sana majumbani (kila upande wa pembetatu kubwa umegawanywa sehemu tatu, na kuba ni 5/8 ya tufe) una pembetatu 105, fito 165 na viungo 61 vya kukutanishia fito. Ukitoa fito 15 za chini zinazokaa kwenye msingi, unabaki na fito 150, na juu ya kila fito pembetatu mbili zinaungana: maungio 150 juu ya kichwa chako, na kila moja ni njia ya maji. Kuba yako ya nusu duara ina machache kidogo, ila hoja ni ileile. Mbao hutanuka na kunywea kwa jua na unyevu, silikoni iliyozibwa kwenye ungio inachanika, maji yanaingia na kusafiri kwenye fito hadi yatokee mbali na tundu. Ndiyo maana mafundi huziba doa lilipo na doa linarudi.

Kileleni ni pabaya zaidi. Zile pembetatu tano za juu kabisa zina mwinamo wa nyuzi 12 hivi. Vigae vya lami vikipigwa hapo kama kwenye paa la kawaida, upepo unasukuma maji yarudi chini yake. Panataka utando wa kuzuia maji tabaka mbili kabla ya kigae. Uliza kama upo, na uone picha za wakati wa ujenzi.

Joto na mvuke wa jikoni na bafuni hupanda hukohuko juu. Kama hakuna tundu la hewa kileleni, mvuke unageuka maji kwenye mbao, na kuvu inaanza nyuma ya dari mahali usipopaona. Nenda na kipima unyevu, kichomeke kwenye fito za juu na zile zinazogusa msingi. Mbao ikisoma zaidi ya asilimia 20, kuoza kunaweza kuwa kumeanza. Nenda siku moja baada ya mvua kubwa.

PembeTatu:

Asanteni sana. Nimefuata maelekezo. Kwa kutafuta picha nimekuta tangazo la kwanza: nyumba ipo sokoni siku 603, bei imeshushwa mara tatu, asilimia 9 kwa jumla. Taili za jikoni zimetoa upana wa mita 2.4, ramani inadai 3. Na dari ya juu ina pembetatu mbili nyeupe kuliko nyingine, zote zinagusa kilele.

Swali la nyongeza: kuna watu wanauza mahandaki ya makombora ya zamani kule Marekani kama nyumba. Nayo yanasomwa hivyohivyo?

FundiPaa:

Hizo pembetatu mbili ndizo za kuchomeka kipima unyevu kwanza.

Kuhusu mahandaki, mengi ni ya Atlas F, makombora ya nyuklia ya Marekani yaliyoondolewa kazini mwaka 1965. Shimo lina kina cha mita 53 hivi na upana wa mita 16. Shida yake ni kinyume cha kuba: maji yanatoka chini na pembeni. Mahali penye maji ya ardhini karibu, pampu isipofanya kazi shimo hujaa. Baadhi ya vituo hivyo vimekutwa na kemikali za kusafishia makombora kwenye maji ya chini, kwa hiyo ripoti ya maabara ya maji ije kabla ya mazungumzo ya bei. Kisha omba bili za umeme za miezi 12, ili uone pampu na feni vinakula kiasi gani, na uulize njia ya pili ya kutokea iko wapi.

JichoKali:

Na kwenye picha za mahandaki, tazama ukuta wa zege usawa wa goti. Mstari mweupe wa chumvi unaozunguka chumba chote unaonyesha maji yalifika hapo. Mwombe dalali picha ya sakafu ya chini kabisa, taa zikiwa zimewashwa, na ya pampu yenyewe ikiwa na kibandiko chake cha mwaka.