Mama ameahirishiwa upasuaji wa mtoto wa jicho kwa sababu ya kope: tufanye nini nyumbani?

Binti wa Ngaramtoni
Habari zenu, na wakubwa shikamooni. Mama yangu ana miaka 71, na jicho lake la kulia limebaki kuona mwanga tu kwa sababu ya mtoto wa jicho. Jumanne tulikodi gari saa kumi na moja alfajiri kumpeleka kufanyiwa upasuaji, lakini daktari alipommulika alisema kope zimevimba na kwenye mashina yake kuna magamba kama pumba, hivyo turudi baada ya wiki mbili zikiwa zimesafishwa. Akaagiza pia kwamba kipimo cha lenzi kirudiwe. Ndugu zangu wanaona tumezungushwa, na mjomba ameshaleta majani ya kuchemsha ili mama aoshwe macho. Naomba kueleweshwa: kope zinahusianaje na ugonjwa ulioko ndani ya jicho, na usafi huo unafanywaje?

Muuguzi wa Macho, Moshi
Dada, pole kwa safari na gharama, ila mimi ningekuwa zamu siku hiyo ningemuunga mkono daktari. Mtoto wa jicho ni ile lenzi ya asili, iliyo nyuma ya mboni, inapopata ukungu; ili kuitoa na kuweka ya bandia ni lazima jicho lifunguliwe, hata kama tundu lenyewe ni dogo sana. Vijidudu vinavyoleta usaha ndani ya jicho baada ya upasuaji mara nyingi havitoki kwenye vyombo, bali hutoka kwenye kope na ngozi ya mgonjwa mwenyewe. Balaa hilo hutokea mara chache, lakini likitokea jicho linaweza kupotea ndani ya siku chache. Siku ya upasuaji tunatia juu ya jicho povidoni ayodini ya asilimia 5 na kuiacha kwa dakika kadhaa, nayo hupunguza vijidudu kwa kiasi kikubwa, ila haiwezi kufanya kwa dakika tatu kazi ya wiki mbili kwenye kope zenye ugonjwa.

Nyumbani fanyeni hivi asubuhi na jioni. Chemsha maji, yaache yapoe hadi ngozi ya ndani ya mkono wako iyavumilie bila kushtuka, kisha chovya kitambaa safi cha pamba, kikamue, na umwekee mama juu ya macho akiwa ameyafumba. Kitambaa hupoa upesi, na hapo ndipo wengi wanapodhani wamemaliza; kichovye tena na tena hadi zitimie kama dakika kumi, maana joto ndilo linaloyeyusha mafuta yaliyoganda kwenye vitundu vya kope. Baada ya hapo papasa kope kwa kidole, ya juu kwa kushuka na ya chini kwa kupanda, kuelekea kwenye nywele zake. Mwisho, futa mashina ya nywele hizo kwa pamba yenye maji uliyotia matone machache ya shampuu ya watoto, kila jicho na pamba yake, kisha suuza. Kama daktari alitoa dawa ya kupaka, hiyo ndiyo saa yake. (Sabuni ya kufulia isikaribie, niliwahi kumpokea bibi aliyesuguliwa nayo kwa nia njema kabisa.)

Majani ya mjomba mpokee kwa heshima, lakini yasiingie jichoni. Maji ya namna hiyo huweza kuingiza maambukizi kwenye konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, na kovu likibaki pale, hata lenzi mpya haitamsaidia sana.

Mpima Macho, Arusha
Naongezea kuhusu kipimo. Nguvu ya lenzi ya bandia hukokotolewa kutokana na urefu wa jicho na mpindo wa konea. Urefu huo kwa watu wengi ni kama milimita 23 na kidogo, na kosa la milimita moja tu linaweza kumwachia mgonjwa haja ya miwani ya zaidi ya dayopta 2 (dayopta ni kizio cha nguvu ya lenzi). Kope zikiwa na uvimbe, machozi hayatandi sawasawa, konea inakuwa na mabaka makavu, na mashine inasoma mpindo usio wa kweli. Nyama ya jicho iliyotambaa hadi kwenye konea huharibu kipimo vilevile. Kwa hiyo kurudia si kuwapotezea fedha.

Kijana wa Majengo
Baba yangu alikuwa anatumia tamsulosini kwa ajili ya tezi dume, na hakuna aliyefikiri kwamba dawa ya mkojo ingeulizwa kwenye kliniki ya macho. Wakati wa upasuaji mboni ikagoma kupanuka vizuri na ile nyama yenye rangi inayoizunguka ikawa inalegea na kupepea, kazi ikachukua muda mrefu. Daktari alituambia baadaye kwamba angejua mapema angejiandaa, na kwamba kuiacha dawa siku chache kabla kusingeondoa tatizo. Bebeni dawa zote za mama kwenye mfuko, hata zile za kununua dukani.

Binti wa Ngaramtoni
Ahsanteni sana. Mama ana kisukari na anatumia vidonge. Pia anakohoa, hasa akishapika kwa kuni.

Muuguzi wa Macho, Moshi
Vidonge asiviache kwa uamuzi wenu; ulizeni kliniki avitumie vipi asubuhi ya siku ya upasuaji, na sukari ipimwe kabla ya wiki mbili kwisha ili ikiwa juu ipatikane nafasi ya kuishusha. Kikohozi kitajeni mapema. Atalala chali karibu nusu saa akiwa macho kwa sindano ya ganzi tu, na kukohoa wakati jicho liko wazi ni hatari. Jikoni apike mwingine kuanzia leo, kwani moshi huo unazidisha na uvimbe wa kope pia. Usiku, mjaribuni alale chali bila mto mrefu, mhesabu dakika; akishindwa, mwambieni daktari kabla ya kukodi gari.