Mjadala: Kongo Mashariki, tupeleke tena jeshi au tung'ang'anie usuluhishi?

Mleta mada, Uyole:
Wakuu, salamu. Tangu mji wa Goma uchukuliwe na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu wiki chache baadaye, vijiweni hapa Mbeya nasikia kauli moja tu: vijana wetu warudi wakawapige kama 2013. Napinga. Tanzania, pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC), Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC), Umoja wa Afrika na Umoja wa Mataifa, ing'ang'anie usuluhishi, na usuluhishi huo uliguse suala la kabila na uraia ambalo kila mkataba unalipita pembeni.

Mwaka 2013 brigedi ya Umoja wa Mataifa yenye askari wetu, wa Afrika Kusini na wa Malawi ilisaidiana na jeshi la Kongo, na kufikia Novemba M23 walikuwa wamekimbilia Uganda na Rwanda. Desemba zikasainiwa ahadi Nairobi: wapiganaji waweke silaha chini warudi uraiani, wakimbizi warejee makwao. Utekelezaji ukasuasua miaka yote, na mwishoni mwa 2021 M23 wakaibuka upya. Katikati hapo, Desemba 2017, askari wetu wasiopungua 14 waliuawa kambini Semuliki. Damu ile ilitosha kununua amani kama wanasiasa wangefanya sehemu yao.

Na kiini cha ugomvi ni cha zamani. Sheria ya Zaire ya 1972 iliwapa uraia watu wenye asili ya Ruanda-Urundi walioishi Kivu tangu kabla ya 1950. Mwaka 1981 ikafutwa. Mtu aliyezaliwa hapo na kulipa kodi hapo akatakiwa aonyeshe kwamba mababu zake walikuwamo nchini tangu 1885. Sheria ya 2004 ilijaribu kurekebisha, ila chuki iliyopandwa haijang'olewa. Nani atakwenda kuing'oa kwa mizinga?

Mfanyabiashara, Tunduma:
Mleta mada, nakuheshimu ila usuluhishi upi unaoutaka? Luanda wamekaa kuzungumza, Nairobi wamekaa, Doha wamekaa. Tarehe 4 Desemba 2025 Rais Tshisekedi wa Kongo na Rais Kagame wa Rwanda walikuwa Washington mbele ya Trump kuthibitisha makubaliano yao ya amani. Wiki haijaisha, M23 wakaingia mji wa Uvira, Kivu Kusini. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika ripoti baada ya ripoti kwamba Rwanda inawabeba M23, lakini mezani wanaongelea madini. Kwa M23 na anayewabeba mazungumzo ni muda wa kupumua tu. Abanwe kwanza, ndipo akae.

Dereva wa malori, Dar–Lubumbashi:
Ngoja niwape kitu nilichokiona kwa macho yangu, na huko Katanga hakuna M23. Tulikuwa tumepaki Lubumbashi tukisubiri kushusha. Utingo wangu ni kijana wa Kagera, mrefu, mwembamba wa uso. Akaenda kununua maji, wakamzunguka vijana kama sita: "Wewe Munyarwanda." Akatoa pasipoti, mmoja akaikunja akasema pasipoti zinanunuliwa. Wakamwambia aongee Kilingala. Hajui. Wakaanza kumvuta shati. Aliyemwokoa ni mama anayetuuzia bukari, yaani ugali, alikuja na mwiko wake mkononi akasimama katikati: "Uyu ni Mutanzania, miye namujua, anakulaka kwangu." Wakamwachia. Kijana alitetemeka mpaka Kasumbalesa, na safari iliyofuata hakuja.

Sasa mfikirieni Mnyamulenge mwenyewe, Mtutsi wa Kongo wa Kivu Kusini, asiye na pasipoti ya nchi nyingine ya kuonyesha na asiye na mama wa kumtetea. Nikisikia mtu kijiweni anasema "wafukuzwe wote", namkumbuka yule dogo.

Mkulima wa mpunga, Mbarali:
Dereva umenigusa. Lakini msiwasikilize Wanyamulenge peke yao. Kule milima ya Minembwe, Fizi na Uvira kuna Wabembe, Wafuliiru na Wanyindu ambao vijiji vyao vimechomwa vilevile. Ugomvi wa ng'ombe na shamba sisi Usangu tunaujua. Wafugaji walipoondolewa Ihefu mwaka 2006 na 2007 maneno yalikuwa makali, watu waliumia na mifugo ilipotea njiani. Hata hivyo hakuna aliyesema Msukuma si Mtanzania. Kule ugomvi wa malisho ulipewa bunduki na ukapewa jina la kabila. Na M23 wasijifanye walinzi wa wanyonge: Umoja wa Mataifa uliripoti kwamba Julai 2025 raia zaidi ya 300 waliuawa nao Rutshuru, wengi wakiwa wakulima mashambani mwao.

Mleta mada, Uyole:
Mkulima, hilo nalichukua lote: msuluhishi apande milimani akae na wazee wa pande zote, asiishie hotelini.

Mkuu wa Tunduma, kubana na kusuluhisha vinakwenda pamoja, na sisi Watanzania tunajua hivyo kuliko wengi. Baada ya mapinduzi ya Burundi ya Julai 1996 majirani waliiwekea vikwazo huku Mwalimu Nyerere akiendelea kuwaita mezani. Alipofariki Oktoba 1999 Mandela akaipokea kazi, na mkataba wa Arusha ukasainiwa 28 Agosti 2000, ukigawa hadi nafasi za jeshi kati ya Wahutu na Watutsi. Waasi wa CNDD-FDD hawakusaini siku ile. Walifuatwa mpaka 2003. Kenya 2008 nako, Kofi Annan, Graça Machel na Mkapa wetu walikaa Nairobi hadi Kibaki na Odinga waliposaini Februari 28.

Na mkataba wa Arusha wa Rwanda, Agosti 1993, ulishindwa, nakiri. Haukupata jeshi lenye uwezo wa kuulinda, na dunia ikatazama mauaji ya kimbari yakianza Aprili 1994. Kwa hiyo ninachodai kina meno: wasimamizi wa kusitisha mapigano, vikwazo kwa anayevunja, akiwa Kigali au Kinshasa, na uraia uwe ajenda ya kwanza.

Kongo iliingia EAC mwaka 2022. Tarehe 8 Februari 2025 wakuu wa EAC na SADC walikutana Dar es Salaam wakaagiza mapigano yasitishwe na njia za usuluhishi za Luanda na Nairobi ziunganishwe. Tuna wabunge tisa Bunge la Afrika Mashariki. Naomba tuwaandikie kila mmoja wadai taarifa ya wazi: maagizo yale yametekelezwa mangapi, na nani ameyakwamisha. Nitaandika rasimu leo usiku niiweke hapa. Wa Iringa na Njombe ongezeni yenu.