Simu iliyoanguka bila kupasuka kioo: je, ndani iko salama?

Swali
Habari zenu wakuu. Simu yangu ilianguka kwa kona kwenye sakafu ya saruji. Kioo ni kizima, lakini tangu hapo hujizima inapopata moto, na picha ya kamera hutetemeka. Je, yawezekana vifaa vya ndani vimeathirika ilhali nje hakuna hata mchubuko?

Jibu la 1
Yawezekana kabisa, ndugu. Simu inapogonga chini, bodi yake ya ndani (ubao unaobeba chipu) hupinda kidogo kufumba na kufumbua, na vile vitone vya bati vinavyoshikilia chipu vinaweza kupata ufa ambao hauonekani kwa macho. Joto likibadilika, ufa hufunguka na kujifunga, ndiyo maana hitilafu huja na kuondoka, jambo linalowasumbua hata mafundi wazoefu.

Jibu la 2
Kuhusu kamera: ikiwa lenzi yako ina mfumo wa kuzuia mtikisiko, basi mara nyingi huning'inia kwenye nyaya au springi nyembamba na kusogezwa kwa sumaku, hivyo kimojawapo kikipinda picha hucheza. Kwa kawaida hubadilishwa kamera nzima. Kuweka upya programu hakutasaidia.

Jibu la 3
Mkuu, anza na betri. Ukiona kifuniko cha nyuma kimeinuka, dalili kwamba betri imevimba, usiichaji simu wala kuibonyeza, kwani betri ya lithiamu iliyojeruhiwa inaweza kupata shoti ndani kwa ndani na kushika moto. Kama haijavimba, hamisha picha na namba zako leo, ingali inawaka.