Naombeni ushauri: picha za kalenda ya ukutani ya kugawia wateja

Habari zenu wakuu, naombeni ushauri hapa nimekwama. Bosi kanipa kazi ya kuchagua picha za kalenda ya mwaka kesho, zile za kugawia wateja bure, saizi A3, kurasa 12 na kava. Mimi napenda michoro ya rangi, mtu anaitundika kwa moyo wake, ila wenzangu wanataka bidhaa zetu kila ukurasa na kusema kweli sioni nani ataweka tangazo sebuleni kwake mwaka mzima. Nimeprinti michoro kadhaa ya majaribio, ule wa bahari bluu yake iliyokuwa inawaka kwenye skrini imetoka imefifia kabisa, fundi akasema faili ni la RGB (rangi za skrini) libadilishwe liwe CMYK (rangi za wino wa kuchapia), tena picha ifike 300 dpi (nukta 300 kwa kila inchi), yaani kwa A3 pikseli 3508 kwa 4961 hivi.

Sasa wenye uzoefu, mchoro na bidhaa vinaweza kukaa ukurasa mmoja bila kuharibu kalenda au nichague kimoja? Na msanii akinipa ruhusa ya maandishi ya kuchapa kalenda tu, nikitaka kuposti mchoro huohuo mtandaoni inabidi tukubaliane upya?